Kujiandaa kwa Mtihani wa Usalama wa Mitandao: Elewa Proksi Kabla ya Kulipa Ada

Jiji la teknolojia la Konza, lililozinduliwa rasmi Januari 2013, linajengwa katika ekari 5,000 zilizokuwa za shamba la Malili. Ndani yake kuna kituo cha kitaifa cha data. Kwa vijana wa Malili, kazi ya kulinda mitandao sasa iko karibu na nyumbani, ila mara nyingi mwajiri huanza kwa kuuliza cheti. Makala haya yanaeleza jinsi ya kujiandaa.

Mtihani ulivyo

Chukua mfano wa CompTIA Security+, toleo la SY0-701. Una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90. Alama ya kupita ni 750 katika kipimo cha 100 hadi 900. Baadhi ya maswali ni ya vitendo: mtahiniwa huonyeshwa mtandao wa mfano na kutakiwa aurekebishe. Shughuli za kila siku za ulinzi huchukua asilimia 28 ya mtihani, na vitisho na udhaifu asilimia 22. Hiyo ni nusu nzima, anzia hapo. Mtihani hautolewi kwa Kiswahili, kwa hivyo zoea istilahi za Kiingereza mapema. Anayefeli hulipa ada upya ili kurudia.

Proksi ni nini?

Proksi ni seva inayosimama kati ya mtumiaji na intaneti. Fikiria ofisi yenye tarishi mmoja anayetumwa dukani. Kila mfanyakazi humpa tarishi ombi lake. Muuzaji humwona tarishi tu, hamjui aliyemtuma. Tarishi anaweza kukataa kuleta kitu kilichopigwa marufuku, na huandika katika daftari nani aliagiza nini, saa ngapi.

Kuna pia proksi ya upande wa pili, inayosimama mbele ya seva kupokea wateja kwa niaba yake. Umuhimu wa kinga ya aina hii ulionekana Julai 2023, serikali ilipothibitisha kuwa eCitizen ilishambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi kupita kawaida. Wananchi waliotafuta huduma mtandaoni walikwama. Kinga iliyo mbele ya seva husaidia kuchuja maombi ya namna hiyo kabla hayajaifikia.

Swali la kujipima

Mfanyakazi anafungua tovuti ya HTTPS kupitia proksi ya ofisi. Je, proksi inaona nini? Kwa kawaida, kivinjari huiomba proksi ifungue njia hadi tovuti hiyo kupitia poti 443. Proksi hujua jina la tovuti, lakini haisomi yaliyomo kwa sababu yamefichwa kwa msimbo. Ili iyasome, ni lazima kompyuta ya mfanyakazi iwekewe cheti cha kidijitali kinachoifanya iiamini proksi hiyo. Ukiweza kumweleza mwenzako jambo hili bila kutazama daftari, umelielewa.

Fanya mazoezi

Kompyuta mbili za zamani zinatosha. Weka Squid, programu ya proksi isiyolipiwa, katika moja. Elekeza kivinjari cha ile nyingine kwenye poti 3128, ambayo Squid huitumia kwa kawaida. Kisha zuia tovuti moja, jaribu kuifungua, na usome kumbukumbu za Squid uone ombi lilikataliwa wapi. Haribu mpangilio kwa makusudi, halafu utafute kosa.

Tumia mtandao wako pekee. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inamwadhibu anayeingia katika mfumo wa mwingine bila idhini: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Kusema ulikuwa unajifunza si idhini.

Kabla ya kulipa

Epuka wanaouza maswali yaliyovuja. CompTIA hukataza kuyatumia, na mtahiniwa anaweza kupoteza cheti. Isitoshe, jibu lililokaririwa halitamfaa siku mtandao wa mwajiri utakapokwama. Fanya mitihani ya majaribio kwa kupima dakika 90. Kwa kila swali, eleza kwa nini jibu ni sahihi na kwa nini mengine si sahihi. Ukishindwa kueleza, rudi kwenye mazoezi. Ada inaweza kungoja.