Kuchukua Korosho Kutoka Ghalani
Korosho mbichi hudhaniwa kuwa haina madhara, kumbe ganda lake lina mafuta makali yachomayo ngozi. Kiwanda cha Kilifi, kilichoanzishwa mwaka 1975 na baadaye kikafungwa, kilitegemea magunia ya wakulima wa pwani. Na hasara katika kazi hiyo huanzia ghalani.

Magunia yapangwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, maana sakafu ya saruji hupitisha unyevu, na korosho zikilowa huota kuvu. Gunia la chini lisichomolewe kamwe: rundo zima humwangukia hamali. Gunia la kilo 80 lichukuliwe kwa mkokoteni, wala lisiburutwe likapasuka. Zilizokwisha kubanguliwa zisipitishwe penye mbichi, kwani mafuta ya maganda hutia doa kiini cheupe, na mnunuzi hukikataa. Wabanguaji nao hujipaka majivu au mafuta ya mbarika mikononi kabla ya kuzishika.