SOMO LA AFYA KAZINI: PUMZI YA MCHAMBUA PAMBA NA JINSI YA KUIPIMA



Pamba ya mkulima hupimwa kwa mizani, wala hakuna akubaliye uzito wake ukisiwe. Lakini pumzi ya mfanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba mara nyingi hukisiwa tu: akisema hajambo, huhesabiwa mzima. Pumzi nayo ina kipimo chake.

1. Ugonjwa
Vumbi la pamba hubeba vipande vya majani na sumu za vijidudu vilivyoota juu ya mmea. Likivutwa, njia za hewa hubana. Dalili ya kwanza ni kifua kubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, hasa Jumatatu, kisha nafuu hufuata. Ugonjwa huu huitwa bisinosi. Vumbi likiendelea kuvutwa kwa miaka mingi, kubana huko huenea wiki nzima, na mwishowe njia za hewa huharibika zisipone tena. Tumbaku huzidisha madhara. Kikohozi cha kudumu chaweza pia kuwa kifua kikuu. Kwa hiyo makohozi nayo yachunguzwe.

2. Kipimo
Mwaka 1846, daktari Mwingereza John Hutchinson alieleza chombo cha kupimia pumzi, yaani spairomita. Hata leo kanuni ni ileile. Mpimwaji huvuta hewa hadi mapafu yajae, hubana pua, kisha hupuliza kwa nguvu zake zote mpaka hewa iishe. Hurudia angalau mara 3.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme mtu ametoa lita 4 kwa jumla, na lita 3.2 kati ya hizo zimetoka katika sekunde ya kwanza: hiyo ni asilimia 80. Mwingine ametoa lita 3, lakini sekunde ya kwanza ni lita 1.5 tu: asilimia 50. Ikiwa chini ya 70 hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia za hewa, daktari hutambua kuwa zimeziba. Mtu aweza kupoteza sehemu kubwa ya pumzi kabla hajajihisi mgonjwa, kipimo humtangulia.

3. Wajibu wa chama chenye kiwanda
(a) Mfanyakazi apimwe kabla ya kuajiriwa, na kila mwaka baadaye, ili namba zake zilinganishwe.
(b) Anayelalamikia Jumatatu apimwe siku hiyo kabla na baada ya zamu.
(c) Vumbi livutwe na mitambo penye chanzo chake, wala lisipeperushwe kwa hewa ya kompresa. Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii vumbi laini.
(d) Aliyeonekana kudhurika ahamishiwe kazi isiyo na vumbi, wala asifukuzwe. Akifukuzwa mmoja, wenzake wataficha kikohozi.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni
1. Je, nani kiwandani petu hulalamikia kifua siku za Jumatatu?
2. Je, majibu ya vipimo vyao yamehifadhiwa wapi?