Somo: Kubadilisha bwate ya gari ya koperative nyumbani



Wengi wenu mulituomba tuandike juu ya gari. Tunajua sababu. Gari nyingi za koperative zetu, Butembo na Beni, ni za zamani: Land Cruiser na Hilux za miaka ya 1980 na 1990, zilizonunuliwa okazio, na huku na kule Land Rover moja ambayo vijana wanaiita muzee. Zote zinapita barabara ile ile. Beni iko chini ya Butembo kwa zaidi ya mita 500, na katikati kuna kilomita zaidi ya 50 za kupanda na kushuka, udongo wakati wa mvua, vumbi wakati wa kiangazi. Shofere anabadilisha gia siku nzima. Njo maana bwate, ile ambayo wengine wanaita giaboksi, inachoka mapema.

Sisi tunaoandika somo hili tuko wa koperative ya kahawa, na tumebadilisha bwate ya Land Cruiser yetu sisi wenyewe, katika uwanja wa depo. Lakini tuanze na kosa letu, kwa sababu kosa hilo lilikula pesa za wanachama.

Siku moja ya msimu gari ilikataa kuingia gia tukiwa Maboya, na nyuma kulikuwa mifuko ya kahawa mbivu. Kila mmoja wenu anajua: kahawa mbivu inapashwa kupita kwenye mashine ya kumenya siku ile ile. Ikilala ndani ya mfuko inaanza kuchacha, na bei inashuka. Tena hakuna anayependa giza limkute njiani na gari imekufa. Tulitafuta watu wa kusukuma, tukavutwa mpaka kwenye garaje moja. Fundi alisikiliza kidogo akasema, "Papa, hii bwate imekufa." Tukamwamini. Akaishusha, akaifungua, siku nne zikapita. Ndani hakukuwa kitu kibaya. Kilichoharibika kilikuwa kampira kadogo ndani ya pompu ndogo ya ambreyaje, ile inayokaa pembeni ya bwate: mafuta yalikuwa yanavuja, ambreyaje haiachii. Kampira kale kalinunuliwa kwa bei ya sahani mbili za chakula. Kazi ya kushusha na kupandisha bwate tulilipa yote, na kwenye mkutano mama mmoja aliuliza swali ambalo komite haikuweza kujibu: "Nani alihakikisha kwanza?"

Kwa hiyo, musifungue buloni hata moja kabla ya kupima hivi.

Gari ikiwa imesimama, moteri inawaka, ingiza gia moja moja. Kama gia zote ni ngumu, na ile ya nyuma inalia krrr, lakini moteri ikizimwa zote zinaingia laini, basi musitukane bwate. Ni ambreyaje haiachii. Angalia mafuta ya ambreyaje kwenye kikopo chake, angalia pompu ya juu na ya chini kama zimelowa. Kama moteri inapiga kelele kwenye mlima lakini gari haipandi, hapo disiki ya ambreyaje imekwisha. Hiyo pia si bwate, ingawa utapashwa kuishusha ili uifikie.

Sasa kelele. Weka gia kwenye nyutro, moteri inawaka. Kama kuna mlio na unapotea ukikanyaga pedali ya ambreyaje, mlio unatoka kwenye rulema za ndani ya bwate. Kama mlio unakuja wakati unakanyaga, ni rulema ya ambreyaje yenyewe, na hiyo ni kazi ndogo zaidi. Gia moja tu inayokwaruza, zingine nzuri, ni pete yake ya kulinganisha mwendo imelika. Gia inayoruka yenyewe ukiachia gazi kwenye mteremko, hiyo ni ya kuogopa. Gari yenye mzigo inayorudi nyutro kwenye mteremko inabaki na breki tu.

Mwisho, fungua buloni ya kumwagia mafuta ya bwate, lakini sikiliza vizuri: fungua kwanza ile ya kujazia. Kuna watu walimwaga mafuta yote, halafu wakakuta ile ya juu imeshika kutu, haifunguki. Gari ikabaki kavu uwanjani. Buloni ya chini mara nyingi ina sumaku. Tope la kijivu, laini kama unga, ni la kawaida kwa gari ya umri huo. Vipande unavyoweza kushika kwa vidole, vikubwa kama punje ya mchele, hivyo ni meno ya gia au rulema iliyovunjika. Mwaka uliofuata sisi tulikuta vitatu, na gia ya tatu ilikuwa inaruka. Safari hii ilikuwa bwate kweli.

Kununua bwate ya okazio kunahitaji macho. Nyingi zinatoka Kampala, upande wa Kisekka ambako spea ziko kwa wingi, zinapita Mpondwe na Kasindi. Muuzaji atakuambia zote zinafanana. Hapana. Gari za Toyota zina kibati ndani ya chumba cha moteri, na kwenye mstari wa TRANS/AXLE kuna alama za bwate na za difu. Piga picha ya kibati hicho mbele ya kutuma mtu. Akifika, azungushe shafti ya mbele kwa mkono katika kila gia, aitikise juu na chini, ahesabu meno yake, anuse mafuta yaliyobaki ndani. Mafuta yenye harufu ya kuungua, aache.

Kazi yenyewe ilituchukua siku mbili, watu wanne. Bwate ya Land Cruiser pamoja na bwate ndogo ya 4x4 ni mzigo unaokaribia au kupita kilo mia. Ikimwangukia mtu kifuani, hakuna tena koperative ya kuzungumzia. Kwa hiyo: uwanja tambarare, mawe chini ya magurudumu, waya hasi wa betri umetolewa. Kriki inainua tu, haishikilii. Sisi tulipanga vipande vinene vya mti wa mikaratusi, vimepishana kama ukuta wa nyumba ya mbao, chini ya shasi pande zote. Matofali hapana, yanapasuka bila kutoa habari. Kabla ya mtu kuingia chini tulisukuma gari kwa nguvu kutoka pembeni. Haikutikisika, njo tukaingia.

Tulitoa wenzo wa gia kutoka ndani, kisha kadani zote mbili, na kabla ya kuzitoa tulichora mstari wa rangi mahali zinapokutana ili zirudi vilevile. Zikirudi vingine gari inaweza kutetemeka. Pompu ndogo ya ambreyaje tuliifungua tukaifunga pembeni kwa waya bila kugusa mpira wake wa mafuta, maana ukifungua huo hewa inaingia. Demarere, kamba ya kilomita, waya za taa ya nyuma. Kila buloni iliingia kwenye kikopo cha nyanya chenye jina. Kijana wetu mmoja alicheka vikopo hivyo siku ya kwanza. Siku ya pili hakucheka.

Moteri pia inataka kushikiliwa, kwa ubao chini ya karteri, kwa sababu chuma cha kupita kikitoka nyuma yake inainama. Buloni za juu, zile zinazofunga bwate kwenye moteri, njo ngumu kuliko zote. Tumia kle yenye mkono mrefu, na uvumilivu.

Bwate inatoka kwa kuvutwa nyuma, sawa, bila kuinama, mpaka shafti yake itoke kabisa katikati ya disiki. Hapa watu wengi wanaharibu. Wanachoka, wanaiacha ining'inie kwenye shafti wapumzike kidogo. Uzito wote unakaa kwenye disiki, moyo wake unapinda, na ambreyaje mupya itatetemeka tangu siku ya kwanza. Wawili washike mbele, wawili nyuma, kriki iko katikati chini ya ubao. Hakuna kupumzika katikati ya njia.

Ikiwa chini, musipandishe nyingine mara moja. Disiki, plato na rulema ya ambreyaje, badilisheni vyote sasa, hata kama disiki ina mwaka mmoja wa maisha. Tulibishana sana juu ya hilo kwenye komite. Mhasibu alisema tuache, pesa ni kidogo. Lakini kazi ya kushusha ni ile ile mara ya pili, na mara ya pili inaweza kuwa katikati ya msimu. Angalieni pia spi ya nyuma ya moteri: ikivuja, mafuta yatalowesha disiki mupya. Gurudumu la chuma likiwa limekuwa la bluu kwa moto, lipelekwe kuchongwa; likiwa na nyufa, libadilishwe.

Disiki inapashwa kukaa katikati kabisa wakati wa kufunga plato. Chombo chake kipo, lakini sisi hatukuwa nacho. Muzee mmoja seremala alitutengenezea mti wa kavula mkavu, mwembamba mbele, mnene nyuma, kwa kipimo cha shafti ya bwate ya zamani. Umefanya kazi vizuri na tungali nao.

Kupandisha: weka bwate kwenye gia, isukume mbele, na mmoja azungushe polepole upande wa kadani mpaka meno yaingie. Inapashwa kufika kwenye moteri kwa mikono. Kama imebaki nafasi ya kidole, usiivute kwa buloni! Disiki haiko katikati, au kuna kitu kimebanwa. Anayelazimisha anapasua sikio la bwate, na hiyo ni chuma cha kumwaga, kuichomelea ni shida.

Mafuta ni jambo ambalo wauzaji wanalichukua kirahisi. Sisi tulitumia 80W-90 yenye alama GL-4. Ile ya GL-5 ni nzuri kwa difu, lakini kwenye bwate fulani za zamani dawa zake zinaweza kula pete za shaba. Soma kitabu cha gari yako, au tafuta aliye nacho. Jaza gari ikiwa imelala sawa mpaka mafuta yaanze kutoka kwenye tundu la kujazia, kisha funga.

Tulijaribu kwanza bila mzigo, tukazunguka mtaa, tukaingia gia zote, tukarudi chini ya gari na taa kutafuta mafuta yanayovuja. Siku ya pili tulishuka Beni tupu. Siku ya tatu tulipanda na mifuko. Kilomita 500 baadaye tulikaza tena buloni zote na kumwaga mafuta kuona sumaku: tope laini tu. Hesabu yote, bwate, ambreyaje, mafuta, usafiri na chakula cha watu wanne, imebandikwa kwenye mlango wa depo, na yule mama wa swali aliisoma mstari kwa mstari mbele ya wote.

Bwate ya zamani iko bado kwenye depo. Gia ya tatu imekwisha, lakini gia ya kwanza na ya nne ziko nzima, na bwate ndogo ya 4x4 pia. Koperative inayoihitaji kwa spea ije na namba za kibati chake.