NYWELE KAVU: JE, TRITMENTI HUPONYA?

Somo letu la mwaka huu linatupeleka saluni. Hatwendi kusukwa bali kusoma.

Shule zikifungwa, na hasa watahiniwa wa KCSE wakishaweka kalamu chini, saluni za mjini Eldoret hujaa. Wasichana walionyoa miaka minne mfululizo sasa wanafuga nywele. Wanaweka dawa, wanachoma, wanasuka. Haipiti miezi mingi utawasikia wakilia: "Nywele zangu zimekauka kama majani ya mahindi mwezi wa kwanza! Nikichana zinakatika tu!" Msusi naye hakosi jibu: "Usijali dada, ni tritmenti moja tu na zitapona." Pesa hutolewa, kichwa huingizwa chini ya draya, zikang'aa kweli kweli. Baada ya wiki mbili, ni yale yale.

Je, msusi amesema uongo? La, si uongo mtupu. Lakini ametumia neno "kupona" mahali pasipo pake. Hilo ndilo jambo tunalotaka kulifafanua, kwa sababu asiyelijua hupoteza pesa za wazazi, na wakati mwingine hupoteza nywele zenyewe.

1. UNYWELE NI KITU GANI?

Unywele una sehemu mbili. Ya kwanza ni mzizi, uliozikwa ndani ya ngozi ya kichwa. Mzizi una uhai, na hupata chakula kutoka kwa damu. Sehemu ya pili ni ile tunayoichana na kuisuka. Hii haina uhai wowote. Haina damu wala neva, ndiyo maana kinyozi akikunyoa husikii uchungu. Ukijikata kidole leo, baada ya siku chache kidonda hufunga, maana kidole kina chembe hai za kujenga upya. Unywele uliopasuka hauna chembe hizo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ukiutazama unywele kwa hadubini utaona umefunikwa na magamba madogo yanayolaliana kama mabati ya paa. Chini ya magamba hayo kuna nyuzi za protini iitwayo keratini, zilizosokotana kama kamba ya katani. Magamba yakilala vizuri, unywele hung'aa, huteleza, na unyevu hubaki ndani. Yakiinuka au kubanduka, unyevu hutoroka, nywele hushikana na kukwaruzana, na ile kamba ya ndani huanza kufumuka. Hapo ndipo tunasema nywele zimeharibika.

Jambo jingine ni umri. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi. Kwa hivyo ncha ya unywele wenye urefu wa sentimita 24 ina umri wa miaka miwili hivi! Imepigwa jua, imesuguliwa na mto, imeoshwa na kuchanwa mara zisizohesabika. Si ajabu kwamba ncha ndiyo huharibika kwanza.

2. NI NINI HUZIKAUSHA?

(a) Umbo lake. Ngozi ya kichwa hutoa mafuta yake yenyewe. Kwenye nywele za singa mafuta hayo huteremka bila shida hadi nchani. Kwenye nywele za kipilipili kama zetu, njia ina kona nyingi, na mafuta hukwama karibu na mzizi. Kwa hivyo nywele zetu hukauka upesi hata kama hatujazikosea. Huo si ubaya wala aibu; ni maumbile tu.

(b) Hewa ya kwetu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Desemba na Machi mvua huadimika, upepo huwa mkavu, na jua la nyanda za juu ni kali ijapokuwa baridi hutudanganya. Nguo hukauka upesi kwenye kamba, nazo nywele ni vivyo hivyo.

(c) Sabuni. Wengi wetu, hasa wa bweni, huosha nywele kwa sabuni ya kipande ya kufulia, au hata ya unga. Katika somo la Kemia tumejifunza kipimo cha pH: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni alkali. Ngozi ya kichwa ina pH ya karibu 5.5. Sabuni ya kipande huwa na 9 hadi 10. Alkali huyainua yale magamba na kuondoa mafuta yote. Shati la shule litashukuru; nywele zitalalamika.

(d) Moto. Chanuo la moto kwenye nywele zenye maji ni hatari kubwa. Maji yaliyo ndani ya unywele hugeuka mvuke ghafla na kuupasua kutoka ndani.

(e) Dawa ya kulainisha. Dawa hizi zina alkali kali yenye pH ya 12 au zaidi. Nyingine zina hidroksaidi ya sodiamu, jamaa ile ile ya kuzibulia mabomba. Hunyoosha nywele kwa kuvunja viungo vya salfa vinavyoishikilia keratini. Viungo vikishavunjwa, nguvu ya unywele hupungua. Isitoshe, ikikaa muda kupita kiasi huunguza ngozi ya kichwa.

3. TRITMENTI HUFANYA KAZI GANI BASI?

Ikiwa unywele hauna uhai, mbona ukitoka saluni unajihisi mtu mpya? Ni kwa sababu tritmenti hufanya kazi tatu za maana.

Kwanza, hulainisha. Kondishena huwa na chembechembe zenye chaji chanya. Unywele ulioharibika huwa na chaji hasi nyingi, na waliosoma Fizikia wanajua kwamba chaji zisizofanana huvutana. Basi kondishena hunata zaidi pale palipoharibika zaidi. Magamba hulala, na chanuo hupita bila kung'oa.

Pili, huziba. Mafuta yaliyomo huufunika unywele ili unyevu usitoroke upesi.

Tatu, hutegemeza. Tritmenti nyingine zina protini iliyovunjwavunjwa ikawa midogo, ikaweza kuingia katika nyufa za unywele na kuupa nguvu kwa muda.

Angalia neno hilo, "kwa muda". Ukiosha mara kadhaa, vyote hivyo huondoka. Tritmenti ni sawa na kupaka viatu rangi na mafuta: ngozi ya kiatu hailiwi na jua wala maji, nacho hudumu. Lakini tundu la soli halizibiki kwa rangi. Kwa hivyo jibu la swali letu ni hili: tritmenti haiponyi, ila hutunza, huzuia nywele zilizobaki zisiendelee kukatika, huku mzizi ukileta nyingine mpya.

4. VITU VYA JIKONI

Si lazima mkebe wa dukani. Hata hivyo, si kila kinachosifiwa hufanya kazi kama wasemavyo watu.

Avokado, ambalo vitabuni huitwa parachichi, lina mafuta mengi ya kulainisha. Liponde hadi liwe laini kama uji na ulichuje kwa kitambaa, la sivyo utashinda kutwa ukitoa vipande kichwani.

Yai husifiwa kwa protini yake. Kumbe protini ya yai bichi ni kubwa mno, haiwezi kupenya unywele! Kinachosaidia ni mafuta ya kiini, nayo hukaa juu juu tu. Ukitumia yai, suuza kwa maji baridi. Maji ya moto yatalipika kichwani, na hapo utacheka mwenyewe.

Asali hushika unyevu. Kijiko kimoja ndani ya mchanganyiko kinatosha.

Mafuta ya mbarika ni mazito na huziba vizuri, lakini yachanganye na mepesi ili yaenee. Yale ya kusema eti hukuza nywele hayajathibitishwa vya kutosha.

Mafuta ya nazi ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi, na ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wameyatumia tangu jadi. Mwaka 2003 watafiti wawili wa India, Rele na Mohile, walilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale ya madini yatokayo katika petroli. Ni ya nazi pekee yaliyopunguza sana upotevu wa protini ya nywele, kwa kuwa chembe zake ni ndogo na nyoofu, zikaweza kupenya hadi ndani. Kweli, watafiti hao walikuwa wa kampuni inayouza mafuta ya nazi, na msomaji makini hulitia jambo hilo akilini; lakini maelezo yao kuhusu kupenya yanaeleweka kisayansi. Tena, huku kwetu Eldoret mafuta hayo huganda chupani asubuhi, kwa sababu huyeyuka penye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Usidhani yameharibika. Tia chupa katika maji ya moto kidogo, yatayeyuka.

5. HATUA KWA HATUA

(i) Usiku wa kuamkia siku ya kuosha, au saa moja kabla, paka mafuta ya nazi kidogo, hasa nchani.
(ii) Osha kwa shampuu na maji vuguvugu. Sugua ngozi ya kichwa, usisugue nywele kama unayefua soksi.
(iii) Kamua maji kwa taulo taratibu. Nywele zikichuruzika, tritmenti itateleza na maji.
(iv) Gawa nywele mafungu manne. Paka tritmenti kuanzia nchani ukipanda juu. Ncha ndizo zee, ndizo zenye njaa.
(v) Chana kwa vidole au chanuo lenye meno mapana.
(vi) Funika kichwa. Zamani tulitumia karatasi za plastiki za dukani, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya mwezi wa Agosti 2017. Tumia kofia ya kuogea, kisha uzungushe taulo lililochovywa katika maji ya moto na kukamuliwa. Joto husaidia tritmenti kuenea.
(vii) Ngoja dakika 20 hadi 30. Kulala nayo hakuongezi faida. Unywele ukivimba kwa maji muda mrefu, tena na tena, hudhoofika.
(viii) Suuza, kisha upake mafuta kidogo kuziba unyevu.

Rudia kila wiki kama nywele ni kavu sana, ama kila wiki mbili kama hali si mbaya. Tritmenti ya protini isizidi mara moja kwa mwezi au miezi miwili. Ikizidi, nywele huwa ngumu na kukatika kama ubua.

6. PASIPOFAA TRITMENTI

Hapa ndipo penye uzito, msomaji, maana wengi hupaka tu huku tatizo likiendelea.

Ncha zilizopasuka hazigandishwi. Zikate, la sivyo ufa utapanda juu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nywele zikitoka pembeni mwa kipaji kwa sababu ya kusukwa kwa kubana, fumua. Mwanzoni mzizi unaweza kufufuka. Ukivutwa miaka mingi hufa, na upaa huo haurudi nyuma. Msuko unaokunyima usingizi si urembo, ni adhabu. Mwambie msusi, "Mama, legeza kidogo," wala usione haya.

Mapunye, yaani mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika, ni ugonjwa wa kuvu na huambukiza. Krimu pekee haiumalizi, kwani kuvu huingia ndani ya unywele; huhitaji vidonge kutoka hospitali. Usiazime chanuo wala kofia.

Tena, mtoto mwenye nywele zilizofifia, nyepesi, zenye wekundu, huenda ana ugonjwa wa kwashakoo, wa ukosefu wa protini. Huyo hahitaji yai kichwani. Anahitaji yai katika sahani, na daktari amwone.

Mwisho, kama ngozi ya kichwa imeungua kwa dawa, acha dawa na tritmenti zote hadi ipone. Ngozi hupona kwa kuwa ina uhai. Hilo ndilo pambano lenyewe: linda kilicho hai, tunza kilichokufa.

Waswahili husema, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Dada zetu waliotutangulia wameshanyolewa na saluni. Basi nasi tutie maji, tujue tunachonunua kabla ya kutoa pesa.

MSAMIATI

Kipilipili: nywele fupi zilizojisokota.
Singa: nywele ndefu zilizonyooka.
Upaa: sehemu ya kichwa isiyoota nywele.
Kipaji: sehemu ya uso juu ya nyusi.
Mapunye: ugonjwa wa ngozi ya kichwa unaoletwa na kuvu.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho.
Ubua: bua jembamba.

ZOEZI

1. Kwa nini mwandishi anakataa neno "kupona" litumiwe kwa unywele?
2. Unywele una sentimita 36. Kadiria umri wa ncha yake.
3. Eleza tofauti ya kazi kati ya mafuta ya nazi na yai bichi katika nywele.
4. Taja hali tatu ambazo tritmenti haisaidii, na useme kifaacho kufanywa.
5. Tunga mazungumzo mafupi kati ya msusi na msichana aliyemaliza shule. Tumia methali mbili kutoka katika somo hili.