TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 21: Uji Haurudi Moto Wenyewe



Ndugu yangu, mimina uji wa futari kikombeni, uuache mezani, nenda kaswali Magharibi. Ukirudi umepoa. Joto lake halikupotea, limesambaa tu hewani. Je, umewahi kuona joto hilo likijikusanya lenyewe na kurudi kikombeni? Wapi!

Mwaka 1865 mwanafizikia Mjerumani, Rudolf Clausius, alikipa jina kipimo cha kusambaa huko: entropi. Baadaye Ludwig Boltzmann wa Austria akaeleza sababu: njia za joto kutawanyika ni nyingi mno kuliko njia za kubaki limekusanyika pamoja. Ndiyo maana mambo yanaelekea upande mmoja, na jana haifanani na kesho.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka 1995 Mmarekani Ted Jacobson alionyesha kuwa milinganyo ya Einstein kuhusu nguvu ya uvutano inaweza kupatikana kwa kuanzia kwenye joto na entropi. Mwaka 2010 Mholanzi Erik Verlinde akapendekeza kuwa uvutano wenyewe unatokana na entropi. Hilo bado linajadiliwa, kwa hiyo tusikimbilie kusema "sayansi imethibitisha Qur'ani". Kitabu cha Allah hakingoji maabara.

Lile lililothibitika linatutosha kwa leo: mpangilio haujilindi wenyewe, unataka nguvu. Jokofu linapoza maji yako, lakini gusa nyuma yake uone lilivyo na joto. Hata mwili wako uliofunga unatumia akiba ya sukari kwenye ini, kisha mafuta, ili ubaki hai.

Sasa chukua huo kama mfano. Yupo ndugu yako uliyemnunia, na kila siku unasema, "Mambo yatakaa sawa yenyewe." Hayakai. Uji uliopoa unangoja mtu awashe jiko, na ukichelewa sana utakuta umeganda. Katika Suratul-Asr, yenye aya 3 tu, Allah ameapa kwa wakati, na waliosalimika na hasara ni wenye imani, wenye kutenda mema na wenye kuusiana. Hakuna hapo aliyekaa akisubiri.

Kazi ya leo: kabla ya tarawehe, mpigie simu. Usianze na nani alikosea. Anza na salamu, muulize hali, inatosha kwa leo.

Allah atukubalie funga zetu na aunganishe nyoyo zetu. Amin.