Somo la 14: Mawe, Madini na Vito

Mkipita kando ya vijito vya Kitahana, wilayani Kibondo, mtaona mawe ya namna nyingi: mekundu, meupe, ya kijivu, na mengine yenye kumetameta. Katika somo hili mtajifunza kulitambua jiwe kwa kulipima, wala si kwa kulitazama tu. Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ndivyo yalivyo na mawe.

1. Mwamba na madini

Madini ni kitu kigumu cha asili ambacho hakikutokana na kiumbe hai, na ambacho chembe zake zimejipanga kwa utaratibu maalumu. Kwa sababu ya utaratibu huo, madini mengi hufanya maumbo yenye pande bapa yaitwayo fuwele. Tazameni punje za chumvi kwa kioo cha kukuzia. Mtaona kwamba nyingi zina umbo la mchemraba.

Mwamba hufanywa na madini ya aina moja au zaidi. Fikirini kande: mwamba ni kama kande, na madini ni kama mahindi na maharage yaliyomo. Mawe ya matale, kama yale makubwa ya Mwanza, yana madini makuu matatu: kwatsi iliyo kama kioo, felsipa iliyo nyeupe au ya waridi, na ulanga unaometameta.

2. Aina tatu za miamba

(a) Miamba ya moto. Hii ilikuwa uji wa moto ndani ya ardhi, kisha ikapoa na kuganda. Matale yaliganda polepole chini ya ardhi. Mawe meusi ya Kilimanjaro yaliganda upesi juu ya ardhi.

(b) Miamba tabaka. Mchanga na tope vilivyochukuliwa na maji vilitua tabaka juu ya tabaka, vikagandamana. Mawe ya mchanga ya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo ni ya aina hii.

(c) Miamba geu. Miamba ya kwanza ilipopata joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi, ilibadilika. Jiwe la chokaa hugeuka kuwa marumaru.

3. Kulipima jiwe

Mwaka 1812, mtaalamu wa Kijerumani Friedrich Mohs alipanga madini kwa ugumu wake, kutoka 1 hadi 10. Kanuni yake ni nyepesi: kilicho kigumu hukwaruza kilicho laini. Ukucha wa mtu una ugumu wa kama 2.5. Kioo kina kama 5.5, kwatsi ina 7, na almasi ina 10.

*Jaribio la kwanza.* Okoteni jiwe jeupe linalong'aa kijitoni. Wekeni kipande cha kioo mezani, msikishike mkononi. Mbele ya mwalimu wenu, likwaruzeni jiwe juu ya kioo. Je, limeacha mchoro usiofutika? Ikiwa ndiyo, msifurahi upesi na kusema, "Tumepata almasi!" Kwatsi nayo hukwaruza kioo, na kwatsi imejaa kila mahali. Walaghai wamewauzia watu wengi kwatsi kwa jina la almasi kwa kutumia jaribio hilohilo. Almasi ya kweli hukwaruza hata kwatsi.

*Jaribio la pili.* Chukueni kigae cheupe cha ukutani, mkigeuze upande wa nyuma usio laini. Sugueni jiwe juu yake, mtazame rangi ya unga unaobaki. Dhahabu huacha mstari wa manjano. Yako madini mengine ya manjano yang'aayo kama dhahabu, yaliyofanywa na chuma na salfa. Hayo huacha mstari mweusi wenye ukijani. Tena, dhahabu ikigongwa kwa nyundo hubonyea na kutandazika, lakini madini hayo huvunjika. Ulanga nao humeta, lakini hubanduka kama karatasi nyembamba.

4. Mawe yasiyong'aa

Jiwe la thamani si lazima ling'ae. Katika mkoa wa Kigoma yako madini mawili yaliyowafaa watu kwa muda mrefu sana.

La kwanza ni chumvi. Huko Uvinza, karibu na mto Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi. Maji hupita katika miamba yenye chumvi chini ya ardhi, huiyeyusha, kisha hutoka nayo. Vigae vya vyungu vilivyochimbuliwa hapo vinaonyesha kwamba watu walichemsha maji hayo ili kupata chumvi yapata miaka 1,500 iliyopita. Katika karne ya 19 misafara iliyokwenda Ujiji ilinunua chumvi ya Uvinza njiani.

La pili ni chuma. Mbale ya chuma ni jiwe zito lenye rangi ya kutu. Ndani yake chuma kimeshikamana na oksijeni. Wafua chuma wa Uha waliweka mbale na mkaa katika tanuri la udongo, wakavukuta kwa mivukuto. Mkaa ulipowaka kwa nguvu uliiondoa oksijeni, kikabaki chuma. Kwa chuma hicho walifua majembe yaliyolima mashamba na kuuzwa nchi za jirani. Jembe likiachwa kwenye unyevu hushika kutu. Maana yake chuma kimeshikamana na oksijeni tena.

5. Vito

Vito ni madini yanayopendwa kwa uzuri, ugumu na uhaba wake. Mgodi wa almasi wa Mwadui, karibu na Shinyanga, ulitokana na ugunduzi wa mwaka 1940. Tanzanaiti iligunduliwa mwaka 1967 huko Mererani, ambayo sasa imo katika mkoa wa Manyara, na hadi leo haichimbwi mahali pengine popote duniani. Tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya hudhurungi. Hupashwa joto ndipo zikawa za buluu. Asiyezijua angeweza kuzitupa.

6. Kukusanya mawe

Kila kikundi kitengeneze sanduku lenye vyumba 12. Kila jiwe lipewe namba. Katika daftari andikeni namba hiyo, mahali jiwe lilipookotwa, tarehe, rangi, ugumu, na rangi ya unga wake. Jiwe zuri lisiloandikiwa mahali lilipotoka halimfundishi mtu.

Okoteni mawe yaliyolegea tu. Msiingie katika mashimo ya machimbo, kwa kuwa kuta zake huporomoka ghafla. Kumbukeni pia kwamba madini ni mali ya Taifa: kuyachimba au kuyauza kunahitaji leseni, na sheria inakataza watoto kufanya kazi migodini.

Maswali

1. Kuna tofauti gani kati ya mwamba na madini?
2. Mtu amekuja kijijini na jiwe linalokwaruza kioo. Anataka kuliuza kama almasi. Mtamwambia alipime vipi tena?
3. Kwa nini mkaa ulihitajika katika tanuri la wafua chuma?
4. Vito hupimwa kwa karati. Karati 5 ni sawa na gramu 1. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5. Ilikuwa na uzito wa gramu ngapi?
5. *Kazi ya kufanya.* Yeyusheni vijiko vitatu vya chumvi katika kikombe cha maji. Mimineni maji hayo katika sahani pana na kuyaacha juani. Elezeni mtakachokiona baada ya maji kukauka, na mkifananishe na kazi ya watu wa Uvinza.