Inzi weupe kwenye pamba: kabla hujajaza bomba

Bwana shamba, nimepuliza mara mbili, lakini nikitikisa mche bado wanaruka kama unga. Nimeuziwa dawa feki?

Inawezekana, ndugu yangu, na ndiyo maana ni muhimu kununua dawa iliyosajiliwa, yenye lebo kamili. Lakini kwanza geuza jani la tano kutoka kileleni. Upande wa chini utaona vijigamba bapa, vya manjano hafifu, vimeganda bila kusogea. Hao ndio watoto wa inzi weupe, na wananyonya utomvu usiku na mchana. Ukipuliza ukiwa umeelekeza nozeli chini, dawa inabaki mgongoni mwa jani na wao hawaguswi. Ishushe nozeli katikati ya miche, uielekeze juu.

Basi niongeze kipimo?

Hapana. Watakaopona ndio sugu, na ndio watakaozaa. Penye joto, yai huwa mdudu kamili kwa takriban wiki tatu, kwa hiyo usugu hujengeka ndani ya msimu huohuo. Badilisha kundi la dawa, si jina la dukani. Imidaklopridi na asetamipridi ni za kundi moja, 4A. Kutoka moja kwenda nyingine hujabadilisha kitu. Soma namba ya kundi kwenye lebo.

Mbona wameongezeka baada ya kuua funza wa vitumba?

Swali hili ndilo ningependa kila mkulima aulize. Saipamethrini na ndugu zake wa jamii ya pairethroidi huua funza, lakini huua pia nyigu wadogo na mbawakawa wa manufaa, yaani wadudu wanaokula inzi weupe bila kukudai hata senti. Gezira, Sudan, walipitia hayo: miaka ya 1970 mashamba yalipulizwa kwa wingi, DDT ikiwemo, na inzi mweupe akageuka adui mkubwa. Pamba ilinata kwa majimaji matamu anayotoa, na pamba inayonata husumbua mashine za kusokota nyuzi.

Arizona, Marekani, walichukua njia nyingine. Mwaka 1996 waliruhusiwa kutumia buprofezini na piriproksifeni, dawa zinazovuruga ukuaji wa mayai na watoto huku zikiwaacha salama wengi wa wadudu rafiki. Idadi ya mipulizo ikashuka sana. Mimi naamini hapo ndipo pa kuanzia: chagua dawa kwa kuangalia itamwacha nani hai.

Nianze lini?

Hesabu kwanza, asubuhi na mapema kabla hawajachangamka. Pita sehemu mbalimbali za shamba, kagua jani la tano kwenye miche 30. Arizona hupuliza dawa hizo wastani unapofika wakubwa 3 hadi 5 kwa jani, na watoto wakiwepo. Kwako, muulize ofisa ugani kiwango cha eneo lenu. Hesabu ikiwa chini ya hapo, rudi nyumbani na bomba lako.

Ila vitumba vikianza kupasuka na majani ya chini yakawa yanang'aa na kunata, usingoje hesabu ya wiki ijayo. Nyuzi ziko wazi, na kila tone linadondokea humo.